Alikataa, au Alishindwa?

Hotuba hii ilitolewa Mathare, Nairobi, mbele ya wasaidizi wa kisheria, wazee wa nyumba kumi na familia za watu walio chini ya uangalizi wa mahakama. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Chifu wetu, wazee wa nyumba kumi, wasaidizi wa kisheria, akina mama mliofunga vibanda vyenu asubuhi ya leo mkaja, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama wanaotaka kutoroka: hamjambo? Ingieni, viti vipo.

Nina swali moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Mtu amepewa masharti na mahakama. Siku yake ya kuripoti ikafika, hakuonekana. Alikataa, au alishindwa?

Kwenye faili hao wawili wanafanana. Aliyekataa ameandikwa "hakuripoti". Aliyeshindwa naye ameandikwa "hakuripoti". Waranti ni ile ile, pingu ni zile zile, lori la kwenda gereza la Industrial Area ni lile lile. Tofauti yao haimo kwenye karatasi mpaka mtu aulize. Na shida yetu, ndugu zangu, ni kwamba mara nyingi hakuna anayeuliza.

Tuanzie mbali, kisha turudi Mathare.

Neno parole limetoka kwa Wafaransa, na kwao maana yake ni neno, yaani ahadi ya mdomo. Mfungwa anatolewa kabla ya kifungo kuisha, anamalizia sehemu iliyobaki akiwa nyumbani, na kinachomshikilia ni neno lake. Tanzania wana Sheria ya Bodi za Parole tangu 1994. Sisi Kenya hatuna bodi ya namna hiyo. Tulicho nacho ni punguzo la theluthi: Sheria ya Magereza, kifungu cha 46, inampunguzia mfungwa mwenye bidii na mwenendo mzuri theluthi moja ya kifungo chake. Aliyefungwa miaka 3 anatoka baada ya miaka 2, na akitoka ametoka. Wa kifungo cha maisha hayumo katika hesabu hiyo.

Basi mbona tunaongea habari za parole? Kwa sababu ndugu zake tunao, na tunaishi nao nyumba moja. Tuna kifungo cha nje, ambacho wengi mnakiita probesheni: badala ya kwenda ndani, unakaa nyumbani na kuripoti kwa afisa. Tuna huduma kwa jamii. Tuna dhamana. Zote zinampa mtu uhuru wenye kamba, na kamba ikivutwa, mtu anaingia ndani bila ya kuwa ametenda kosa jipya. Tena kila msongamano wa magereza ukitajwa, hakosi mtu wa kusimama aseme: tuleteni parole. Sisi hatupingi. Tunasema, kabla hujanunua ng'ombe, mwangalie meno.

Meno yake tuyaangalie Marekani, maana huko wamemfuga muda mrefu.

Mwaka 2019 Baraza la Serikali za Majimbo la Marekani lilitoa hesabu. Katika kila watu 100 walioingia magereza ya majimbo, 45 waliingia kwa kukiuka masharti ya probesheni au parole. Takriban robo ya wote walioingia hawakuwa na kosa jipya kabisa. Walikosa kuripoti, walichelewa kurudi nyumbani usiku, walipimwa mkojo ukakutwa na kitu. Siku yoyote utakayochagua, watu wapatao 280,000 walikuwa ndani kwa sababu ya ukiukaji wa masharti, na gharama yake ilizidi dola bilioni 9.3 kwa mwaka. Pesa hizo zinalipwa na yule yule mlipa kodi aliyeambiwa kwamba parole ingepunguza gharama.

Masharti yenyewe ni ya namna gani? Uripoti kwa afisa siku fulani. Usihame bila kibali. Usiondoke wilayani. Uwe ndani ya nyumba saa fulani za usiku. Usikutane na mtu aliyewahi kufungwa, hata kama ni kaka yako mnayelala chumba kimoja. Uwe na kazi. Na katika majimbo mengi unalipa ada ya kusimamiwa, yaani unamlipa anayekuchunga. Ukiyatazama moja moja, kila sharti lina sababu yake. Yapange kumi na tano juu ya mtu mmoja, kwa miaka mitano, uone kama wewe mwenyewe uliyeketi hapa na shati lako safi ungemaliza mwaka.

Sikilizeni kisa cha Morrissey. Huyu alifungwa jimbo la Iowa mwaka 1967 kwa kosa la hundi za uongo. Mwaka 1968 akatolewa kwa parole. Miezi saba baadaye akarudishwa gerezani. Alikuwa amefanya nini? Ripoti ya afisa wake ilisema alinunua gari kwa jina lisilo lake na kuliendesha bila ruhusa, alidanganya polisi kuhusu anwani na bima baada ya ajali ndogo, alichukua mkopo kwa jina la uongo, na hakumjulisha afisa mahali anapoishi. Mnaweza kusema, huyu bwana alikuwa mjanja. Pengine. Lakini nani alimsikiliza? Hakuna. Afisa aliandika ripoti, bodi ikaisoma, mtu akaingia ndani.

Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1972 majaji wakasema: uhuru huu, ijapokuwa una kamba, ni uhuru, haunyang'anywi kwa ripoti ya mtu mmoja. Wakaweka hatua mbili. Kwanza, usikilizwaji wa haraka karibu na mahali alipokamatiwa, mbele ya mtu asiyekuwa yule afisa aliyemshtaki, kuona kama kuna sababu ya kumshikilia. Pili, usikilizwaji kamili: apewe tuhuma kwa maandishi, aonyeshwe ushahidi, aseme lake, alete mashahidi wake, awahoji wanaomshuhudia isipokuwa pawe na sababu nzuri ya kuwazuia, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake.

Vizuri. Lakini angalieni pengo. Mizani ya usikilizwaji huo ni nyepesi kuliko ya kesi ya jinai. Hakuna haja ya kuthibitisha pasipo shaka. Na mwaka uliofuata, 1973, mahakama hiyo hiyo ikasema wakili si lazima kwa kila mtu, itaangaliwa kesi kwa kesi. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza miaka mitatu ya maisha yake kwa ushahidi ambao usingetosha kumtia hatiani kwa kuiba kuku. Hapo ndipo dhuluma ilipojificha: adhabu ni ile nzito ya kosa la kale, uthibitisho ni ule mwepesi wa kosa la leo.

Waingereza nao wana kidonda chao. Kuanzia 2005 walikuwa na kifungo kisicho na mwisho kwa ajili ya "ulinzi wa umma". Wakakifuta mwaka 2012, lakini hawakuwafutia waliokwisha kuhukumiwa. Mtu wa namna hiyo akitoka, yuko chini ya leseni, yaani kibali cha kuwa nje kwa masharti. Akikiuka sharti, anaitwa tena gerezani, na siku ya kutoka haijaandikwa popote mpaka bodi iridhike. Hebu fikiria kukosa kuripoti Jumanne moja, halafu hujui utatoka mwaka gani.

Sasa njooni kwenye pesa, maana hapa ndipo maskini wa jimbo la Georgia, Marekani, na maskini wa Mathare wanapopeana mikono.

Mwaka 1980 kijana aitwaye Bearden alikubali makosa yake mahakamani huko Georgia. Akapewa probesheni, na ndani yake faini ya dola 500 na fidia ya dola 250. Alipe 100 siku hiyo, 100 kesho yake, na 550 zilizobaki ndani ya miezi minne. Akakopa kwa wazazi wake, akalipa 200 za kwanza. Mwezi mmoja baadaye akafutwa kazi. Hakujua kusoma. Alitafuta kibarua kingine, hakupata. Akamwarifu afisa kwamba zile zilizobaki atachelewa. Jibu lilikuwa ombi la kumfutia probesheni, akapelekwa gerezani kumalizia muda wake.

Alikataa, au alishindwa?

Mahakama ya Juu ilijibu mwaka 1983. Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa kutolipa kabla ya kuuliza kwa nini hakulipa. Akikuta alikuwa nazo akazificha, amfunge. Akikuta alijitahidi kweli akakosa, kwanza atazame adhabu nyingine zisizokuwa gereza: aongezewe muda, apunguziwe kiasi, apewe kazi ya umma. Gereza liwe pale tu ambapo hizo nyingine hazitoshi.

Mnaona? Jaji aliuliza swali letu.

Na sisi je? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 28, ina ngazi ya kifungo kwa asiyelipa faini. Faini isiyozidi shilingi 500, kifungo kisichozidi siku 14. Zaidi ya 500 hadi 2,500, mwezi mmoja. Zaidi ya 2,500 hadi 15,000, miezi mitatu. Hadi 50,000, miezi sita. Zaidi ya hapo, mwaka mmoja. Hivi ndivyo vilele, hakimu anaweza kwenda chini yake. Sasa wawekeni watu wawili kizimbani kwa kosa moja, kila mmoja faini 10,000. Mmoja anatoa simu, anatuma, anaenda zake kula chakula cha mchana. Mwingine anaingia ndani, na anaweza kukaa hadi miezi mitatu. Kosa ni moja. Kilichoongezeka ni umaskini, na ndicho kilichofungwa.

Tumerudi nyumbani. Hapa nitakaa kidogo.

Kifungo cha nje kinatolewa chini ya Sheria ya Probesheni, Sura ya 64. Muda wake haupungui miezi 6 na hauzidi miaka 3. Kabla ya kukitoa, hakimu anatakiwa akueleze, kwa lugha unayoielewa, maana ya amri hiyo na kwamba ukiikiuka unaweza kuhukumiwa kwa lile kosa la kwanza. Halafu wewe mwenyewe ukubali. Sheria inasema lugha unayoielewa. Wangapi hapa walitikisa kichwa tu ili watoke kizimbani, wakaenda nyumbani wakiwauliza watu, "Hivi nimeambiwa nini?" Msinyooshe mikono, najua.

Tuchukue mfano wa kijana wa mjengo. Anaishi hapa Mathare, kesi yake ilisikizwa Makadara, amepewa miezi 18, anaripoti kila baada ya wiki mbili. Kibarua amekipata Syokimau. Mjengo unafunguliwa saa moja asubuhi, ofisi ya probesheni inafunguliwa saa mbili. Hakuna kuchelewa mjengoni: ukifika saa nne, fomeni ameshamwita aliyekuwa amesimama langoni na sururu yake mkononi. Kwa hiyo siku ya kuripoti ni siku ya bila mshahara.

Pigeni hesabu nami. Miezi 18 ni wiki 78. Kila wiki mbili, hizo ni safari 39. Tuseme analipwa 600 kwa siku: 39 mara 600 ni shilingi 23,400 alizopoteza. Nauli tuseme 200 kwenda na kurudi, siku mvua haijanyesha: 7,800. Jumla ni 31,200. Huyu ni mtu aliyepewa kifungo cha nje ili asilipe faini, na kimya kimya amelipa 31,200. Mtu akikuambia probesheni ni bure, muulize anafanya kazi wapi.

Mwezi wa tano, fomeni anamwambia, "Ukienda tena Alhamisi, usirudi Ijumaa." Anachagua kazi. Afisa anapiga simu, anaambiwa mteja hapatikani, kwa sababu simu ilichomolewa kwenye matatu na laini mpya hajampa afisa. Alhamisi mbili zinapita. Faili linarudi kwa hakimu. Waranti.

Alikataa, au alishindwa?

Na anwani! Moja ya mambo unayotakiwa kufanya ni kumjulisha afisa ukihama. Vizuri, lakini kuhama kwetu si kama kuhama kwa watu wa Lavington wenye kuita lori na kufunga vyombo kwenye karatasi. Wengi wenu mlikuwepo mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, tingatinga lilipoingia kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni, hapa kwetu na kule Mukuru. Mwenye kifungo cha nje aliyekuwa akiishi pale, alihamia wapi? Leo kwa shangazi Huruma, kesho kanisani, keshokutwa kwa rafiki Kariobangi. Aandike anwani gani? Afisa akija kumtembelea anakuta mawe. Anaandika, kwa haki kabisa, "hayupo katika makazi yaliyosajiliwa". Hakusema uongo. Ila serikali ndiyo iliyovunja nyumba, na serikali hiyo hiyo inamwita mwenye nyumba amekiuka sharti.

Kwa maafisa wa probesheni mlioketi hapa: hatuwashtaki nyinyi. Mafaili mliyo nayo yanajulikana, na pikipiki ya ofisi ikikosa mafuta mnajua nyinyi wenyewe mnavyofanya.

Huduma kwa jamii ina ugonjwa wake tofauti. Sheria yake ni ya 1998, na wazo lenyewe tulilichukua kwa majirani, maana Zimbabwe walikuwa wameshaanza miaka michache kabla. Inatumika kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, au yale makubwa zaidi ambayo mahakama inaona miaka 3 au chini yake inatosha. Badala ya kwenda ndani unafanya kazi ya umma bila malipo: unafagia zahanati, unafyeka uwanja wa shule, unazibua mitaro. Ugonjwa wake uko wapi? Rejista. Rejista iko kwa msimamizi, na msimamizi ana shughuli zake. Leo yuko semina. Wiki ijayo shule imefungwa kwa likizo ya Aprili. Wauguzi wamegoma, lango la zahanati lina kufuli. Mtu ameamriwa siku 30, amefanya 22, rejista ina 14. Hizo nane nyingine zimeenda wapi? Jasho lilitoka, wino haukutoka.

Kwa hiyo kuna dawa ya shilingi chache, nayo ni hii niliyoishika. Mlio nyuma mnaiona? Daftari la kawaida la shule, kurasa 32. Chora safu tano: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi uliyofanya, sahihi. Kila siku, kabla hujanawa mikono, mpelekee msimamizi atie sahihi. Hayupo? Naibu wake. Naye hayupo? Mlinzi wa lango, na jina lake uliandike. Ukikuta lango limefungwa, andika "nimefika saa mbili, lango limefungwa", piga picha ya kufuli ikiwa simu yako ina kamera. Kila Jumamosi piga picha ya ukurasa mzima umtumie mtu wa nyumbani, kwa sababu daftari hulowa, hupotea, na mtoto huligeuza la kuchorea. Wanaokwenda kuripoti probesheni fanyeni vivyo hivyo. Ukifika ofisini ukaambiwa afisa yuko kortini, usigeuke ukaondoka. Omba aliyepo akuandikie kwamba ulifika.

Daftari hilo halishindi rejista kwa sheria. Lakini hakimu akiuliza, "Una nini cha kuonyesha?" mwenye daftari ana cha kunyoosha mkononi.

Sasa dhamana, kwa haraka, maana hii mnaijua. Katiba, ibara ya 49, inakupa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri isipokuwa kuna sababu nzito. Umetoka, mdhamini ameweka hati ya shamba la babu yenu. Siku ya kesi umeketi Korti namba 3 tangu saa mbili na nusu, na faili limeitwa Korti namba 5. Jina limeitwa mara tatu, hukuitika. Hujakimbia popote, uko mita ishirini kutoka hapo, unasubiri. Waranti imetoka. Ukifika kortini, soma orodha ya kesi ukutani kabla hujaketi, kisha mwendee karani wa korti umwonyeshe nambari ya kesi. Na chai inywe baada ya jina kuitwa.

Ukishakosa siku, usijifiche. Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapojimaliza. Anasikia kuna waranti, anahamia kwa mjomba Kayole, anaacha kupokea simu. Sasa aliyeshindwa amegeuka kuwa aliyekataa, na ni woga uliomgeuza. Nenda mwenyewe kesho yake asubuhi. Ingia masjala na nambari ya kesi, sema ulikosa jana na unaomba faili lipelekwe mbele ya hakimu ili waranti iondolewe. Nenda na mdhamini wako. Nenda na karatasi: ya hospitali, ya msiba kutoka kwa chifu, hata barua ya mwajiri. Aliyejileta na aliyeletwa na polisi hawasikilizwi kwa sikio moja.

Kwa nini nasema kesho yake asubuhi? Kwa sababu ya Ijumaa. Katiba inasema ukikamatwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati mahakama zimefungwa, utafikishwa siku ya mahakama inayofuata. Msako wa Ijumaa jioni unamkuta kijana wetu, jina linaonyesha waranti ya kale, analala seli Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu anasimama mbele ya hakimu, na pengine hakimu ni mtu mwema, anaiondoa waranti kwa dakika nne. Lakini mjengoni fomeni ameshaandika jina jingine, na landlord ameshabadilisha kufuli.

Wapo watakaoniuliza: na aliyeibiwa je? Swali zuri. Mama aliyepokonywa simu, akaambiwa kijana atamlipa fidia kidogo kidogo kila mwezi: siku mlipaji anapopelekwa rumande, nani anamlipa huyo mama? Malipo yanakoma hapo hapo. Na yule aliyeiba tena akiwa chini ya uangalizi? Hilo ni kosa jipya. Lifunguliwe faili lake, lipimwe kwa mizani ya kesi, pasipo shaka, kama kosa la mtu yeyote. Hatumtetei huyo. Tunamtetea aliyekosa Alhamisi mbili.

Na ajabu ni kwamba sheria zetu wenyewe hazimlazimishi hakimu kufunga. Kwa huduma kwa jamii, mahakama inaweza kumwonya mtu na kumtaka atimize, inaweza kuibadilisha amri ili ilingane na hali yake, na inaweza kuifuta na kutoa adhabu nyingine. Kufuta ni njia mojawapo, na kuna nyingine zilizo nyepesi. Kwa probesheni vivyo hivyo: mahakama inaweza kutoza faini na kuiacha amri iendelee. Kanuni za Tokyo za Umoja wa Mataifa, za 1990, zinasema waziwazi, kanuni ya 14, kwamba kushindikana kwa adhabu ya nje kusiwe moja kwa moja sababu ya kumpeleka mtu ndani, na kwamba kwanza itafutwe adhabu nyingine ya nje inayofaa. Basi wasaidizi wa kisheria, hili mlibebe: mkisimama na mtu aliyekiuka sharti, msiombe huruma tu. Huruma hakimu anaweza kukosa siku hiyo. Ombeni kitu kinachotajika. "Mheshimiwa, tunaomba siku ya kuripoti ihamishwe kutoka Alhamisi hadi Jumatatu." "Tunaomba eneo la kazi lihamishwe kutoka shule hadi zahanati, maana shule imefungwa." "Tunaomba faini igawanywe kwa miezi sita." Hakimu akipewa mlango uliokwisha kufunguliwa, ni rahisi aupite.

New York walifika hapo kwa sheria iliyotiwa sahihi na Gavana Kathy Hochul Septemba 2021 na kuanza kazi kikamilifu Machi 2022. Mtu wa parole akikaa siku 30 bila kukiuka, anapunguziwa siku 30 za parole. Makosa mengi ya masharti hayampeleki ndani tena. Yale yanayobaki yana kikomo: siku 7, siku 15, zisizidi 30. Kabla ya hapo, kikomo kilikuwa mambo ya bahati yako na hasira ya bodi. Ninapendelea sana ile hesabu ya siku 30 kwa siku 30, kwa sababu inamtazama mtu siku alizofika, si siku aliyokosa peke yake. Kijana wetu wa mjengo aliripoti mara 9 kabla ya kukosa 2. Kwenye faili lake, zile 9 hazikutajwa hata kwa mstari mmoja.

Nikomee hapo, muda umekwisha na sufuria za chai zimeshaletwa. Madaftari yako kwenye meza ya kushoto, yameshachorwa safu, yapo 60. Familia moja, daftari moja. Wenye waranti au wanaodhani wanayo, msiondoke: wasaidizi wawili wataketi kwenye ile kona ya dirisha mpaka saa kumi, na Jumatatu saa mbili kasoro robo watakuwa kwenye lango la mahakama ya Makadara kuingia nanyi masjala. Njooni na kitambulisho, nambari ya kesi, na yule mdhamini.

Maswali. Tuanze na mama wa kitenge cha manjano, uliinua mkono tangu niliposema Ijumaa.